Eggert Lorenzen na Gari Lake la Miezi Saba

Katika mtaa mzima wa Rendsburg alikokaa, hakukuwa na mtu aliyempenda Eggert Lorenzen, na mwenyewe hakuwa na habari. Alidhani anaheshimiwa. Akipita mahali watu wakanyamaza, alichukulia kuwa ni adabu. Mama mmoja wa nyumba ya tatu alikuwa akivuta pazia kila akimwona, naye Eggert alimsifu kwa binti yake kwamba yule ni mwanamke anayejua kutunza siri za nyumba yake.

Alifanya kazi miaka arobaini kwenye kiwanda cha pampu, mkaguzi wa vipimo. Wenzake walichonga vyuma, yeye alivipima. Chuma kikizidi kwa upana wa unywele, alikitupa kwenye sanduku jekundu bila kumtazama aliyekichonga usoni. Alikuwa sahihi siku zote, na hilo ndilo lililowaudhi. Alipostaafu, lile sanduku jekundu akalihamishia barabarani. Alinunua daftari dogo jeusi linaloingia mfuko wa shati, na kila aliyeegesha gari juu ya njia ya miguu, kila aliyekata kona bila indiketa, Eggert aliandika: tarehe, saa, mahali, namba ya gari, kosa. Jioni aliketi na kuiandikia barua ofisi ya mji. Kufikia umri wa miaka sabini na sita alikuwa amejaza madaftari arobaini na moja, yamepangwa kabatini pale ambapo marehemu mkewe Anke alikuwa akiweka vikombe vya wageni. Wageni wenyewe walikuwa hawaji tena.

Kitu kimoja alikipenda bila kukipima. Lilikuwa gari la mbio la kijani kibichi, la milango miwili, injini nyuma, limekaa chini kiasi kwamba kuingia ndani ni kama kuingia kwenye beseni la kuogea. Alilinunua alipotimiza miaka hamsini na hakuwahi kulitoa kwenye mvua. Lilikuwa na kibao cha namba cha msimu, wale wa huko wanavijua: pembeni mwa namba kuna tarakimu mbili ndogo, nne juu na kumi chini. Maana yake ni kwamba kuanzia mwezi wa nne hadi siku ya mwisho ya mwezi wa kumi gari lina bima na ruhusa ya barabara. Baada ya hapo ni bati tu, halitakiwi hata kuegeshwa mtaani. Kila mwaka Anke aliizungushia siku hiyo ya mwisho duara jekundu kwenye kalenda ya jikoni.

Sasa mwaka huo mambo mawili yakaja kwa pamoja. Kwanza, banda la gari alilopanga likaamriwa kubomolewa, kwa hiyo gari lilihitaji pa kulala majira ya baridi. Mdogo wake Hauke, aliyehamia kusini zamani, alikuwa na ghala huko Lindau, mwisho kabisa wa nchi, karibu kilomita elfu moja. Pili, mwezi wa tisa Eggert aligonga nguzo ya lango lake mwenyewe. Mchana kweupe.

Hapo ndipo binti yake Wiebke alipokuja na lake.

Wiebke alikuwa na miaka arobaini na minne, mwalimu wa kuogelea, sauti yake imezoea kuvuka bwawa. Alimchukia baba yake, na alikuwa na sababu. Mumewe Jörn alikuwa dereva wa gari la mikate. Miaka mitatu nyuma, Eggert alimwona mkwewe kwenye taa za barabarani, simu sikioni. Akaandika. Akatuma. Jumapili iliyofuata akaenda kwao kula keki, akala vipande viwili, akasifia ukoko, hakugusia habari ya barua. Barua ikafika Jumanne, na jina la shahidi limechapwa humo ndani: Lorenzen, Eggert. Kwa Jörn lilikuwa kosa la pili, akapoteza leseni mwezi mzima, na kampuni ya mikate haikuwa na kazi ya dereva asiyeendesha.

"Huoni vizuri, baba," Wiebke alimwambia jikoni, amesimama, amekataa kiti. "Leta funguo."

"Naona kuliko wewe."

"Nguzo je?"

"Nguzo imeegemea barabarani sentimita nne. Nimeshawaandikia."

"Basi tufanye hivi. Endesha mpaka Lindau, mimi nakaa pembeni. Wewe mwenyewe kwenye usukani, toka hapa mpaka getini kwa baba mdogo. Ukifika bila kuvunja sheria hata moja, sitakuuliza habari ya funguo mpaka unakufa. Ukivunja moja tu, moja, unanipa funguo na leseni unairudisha."

Eggert alicheka, jambo lililotokea mara chache kuliko kupatwa kwa jua. Yeye? Kosa? "Andika," alisema.

"Sina haja ya kuandika. Sisi wengine tunakumbuka."

Walitoka tarehe thelathini na moja ya mwezi wa kumi, saa kumi na moja alfajiri, ili wafike saa tisa mchana, na msimu wa kibao umebakiza saa tisa nzima. Eggert aliipenda ratiba hiyo. Hakumweleza Wiebke habari ya kibao. Aliamini binti huyu hajui hata upepo wa tairi unaingilia wapi.

Kilomita ishirini za kwanza alienda pole kama anayebeba mayai. "Mafuta ya injini hayajapata joto," alieleza bila kuulizwa. "Injini hii ukiikanyaga ikiwa baridi unaiua." Walipopita Hamburg na kufika kwenye kile kibao cheupe chenye mistari ya kukata kinachoruhusu kila mtu kwenda kwa mwendo autakao, alishusha gia moja, akakanyaga. Gari likanguruma nyuma ya migongo yao, misonobari ikawa ukuta mmoja, mshale ukapanda mia na themanini, mia mbili, mia mbili na ishirini. Uso wa mzee ukalainika. Kwa dakika kumi alikuwa mtu mwingine, kijana karibu, na Wiebke akageukia dirisha kwa sababu hakutaka kumwona akiwa na furaha.

Kisha Wiebke akatoa yai la kuchemsha mfukoni, akaligonga kwenye dashibodi.

"Hakuna kula humu!"

"Kuna sheria?"

"Ni sheria yangu!"

"Ya kwako haipo kwenye mapatano." Akamenya pole pole, maganda yakimdondokea mapajani na kwenye zulia. Akala mayai matatu. Hakuwa na njaa hata kidogo.

Dereva mmoja akawasogelea nyuma akiwasha taa kubwa, na alipowapita, Wiebke akamwonyesha kidole cha kati.

"Hilo ni tusi," Eggert alisema. "Kosa la jinai. Nitakuandika."

"Mwandike na babu aliyekuzaa."

Ndivyo walivyosafiri.

Saa nne, karibu na milima ya Kassel, magari yakasimama. Ajali mbele. Kama kawaida ya barabara zile, walio kushoto wakajibana kushoto, wengine wote wakajibana kulia, katikati ukabaki uchochoro wa magari ya wagonjwa. Eggert alijipanga vizuri mno, kioo chake kilikaribia kugusa chuma cha pembeni. Mara gari jeupe la mizigo likatokea nyuma, likapita katikati ya uchochoro huo, mbio, likaruka foleni yote.

Wiebke aliona mkono wa baba yake ukienda mfukoni wenyewe, kama mkono wa mvutaji unavyofuata sigara.

Ajali ilipoondolewa, Eggert alichepuka kwenye njia ya kutokea.

"Unaenda wapi?"

"Polisi."

"Baba, andika barua kama siku zote!"

"Uchochoro wa wagonjwa si jambo la barua. Mtu anaweza kufa." Na kusema kweli hapo alikuwa sahihi. Ubaya wake ndio huo, alikuwa sahihi daima.

Kituoni walimkuta askari kijana anayechapa kwa vidole viwili. Eggert akatoa maelezo. Askari akayachapa, akayasoma. "Mnamo saa nne na robo hivi..."

"Hakuna hivi. Saa nne na dakika kumi na nne."

"Mzee, ni dakika moja tu."

"Basi kama ni moja tu, haitakusumbua kuiandika."

Maelezo yalichapwa upya mara tatu. Mara ya nne mashine ya kuchapia ikaishiwa wino, na mwenye ufunguo wa stoo alikuwa amekwenda kula. Wiebke alikaa kwenye benchi akimtazama mzee yule aliyesimama wima mbele ya kaunta, koti limefungwa vifungo vyote, akasikia hasira ikimpanda mpaka masikioni. Kwa mtu asiyemjua, baba yake ana muda wa saa tatu. Siku mama anakufa alifika hospitali amechelewa, kwa sababu njiani alisimama kupima umbali wa gari lililoegeshwa karibu mno na makutano. Hilo Wiebke hakuwahi kumwambia mtu, hata Jörn.

Walitoka saa saba na nusu. Kutoka hapo kila kitu kikawapinga: matengenezo ya barabara, foleni ya Würzburg, mvua ya kwanza ambayo gari lile liliwahi kuionja. Saa kumi na moja giza likaingia. Taa za magari ya mbele zilianza kupanuka machoni mwa Eggert, kila moja ikamea nywele. Alifumba jicho moja. Akafumba jingine. Akashika usukani kwa mikono miwili na kwenda nyuma ya lori, akifuata taa zake nyekundu, na hakusema kitu kwa sababu aliyekaa pembeni ndiye haswa asiyetakiwa kuambiwa.

"Umepunguza mwendo sana," Wiebke alisema.

"Nahifadhi mafuta."

Kabla ya Ulm, zikiwa zimebaki kilomita mia na ishirini, aliingia kwenye gesti moja ya kijijini. Supu, alisema, halafu kunyoosha mgongo saa moja, kisha tunamaliza. Aliegesha ndani ya ua wa mwenye gesti, si barabarani. Hata akiwa amechoka hivyo alilikumbuka hilo. Akalala kitandani na viatu.

Alipozinduka, dirisha lilikuwa jeupe na kengele za kanisa zilikuwa zinalia. Sikukuu ya Watakatifu Wote. Tarehe mosi, mwezi wa kumi na moja.

Alikaa ukingoni mwa kitanda muda mrefu. Kutoka hapo aliliona gari chini uani, na kile kibao, nne juu, kumi chini. Jambo la halali lilikuwa rahisi: kupiga simu, lori la kubeba magari lije, gari lipandishwe mgongoni. Lakini mapatano yalisema yeye mwenyewe kwenye usukani mpaka getini. Akifika juu ya lori, funguo zimekwenda. Na bila gari, angebaki na nini? Jikoni. Kabati la madaftari. Pazia la yule mama wa nyumba ya tatu. Kwa mara ya kwanza alijisikia mzee, akaogopa, akaogopa sana.

Wiebke alikuwa chini anakunywa kahawa. "Vipi, twende?"

"Twende," alisema Eggert.

Hakuna aliyewahi kumwona Eggert Lorenzen akiendesha namna ile. Gari la kupiga mia mbili na hamsini lilijikokota themanini kwenye njia ya kulia, katikati ya mabasi ya watalii. Aliacha nafasi mbele ya kutosha nyumba. Aliwasha indiketa mapema hata waliokuwa nyuma wakapiga honi kwa kuchoka kusubiri. Kila gari lililokaa nyuma yake dakika mbili aliliona kwenye kioo lina mtu mwenye daftari. Mzee mmoja mwenye kofia aliwapita pole pole, akachungulia, na Eggert akahisi jasho likimtelemka katikati ya mgongo. Mbona anatazama? Anatazama nini? Mtu mzima huna kazi ya kufanya, unachungulia kibao cha mwenzio sikukuu yote hii?

"Nani huyo?" aliuliza.

"Mtu tu, baba. Anapenda gari."

"Wapuuzi. Kila mahali wamejaa."

Wiebke alimtazama.

Kwenye kituo cha mafuta, karibu na Memmingen, aliliegesha gari kitako kikiwa kimeelekea ukuta, halafu akakumbuka kwamba kuna kibao na mbele pia. Akasimama mbele ya gari akijifanya anafuta wadudu kwenye taa. Mwezi wa kumi na moja hauna wadudu. Alipobanwa na haja na kwenda chooni, alikimbia kwenda na kurudi, mzee wa miaka sabini na sita, koti lenye daftari ameliacha kwenye kiti.

Kilomita za mwisho ziwa lilitokea upande wa kushoto, la kijivu, na milima yenye theluji nyuma yake. Wiebke hakusema hata neno. Kilomita kwa kilomita mabega ya Eggert yalishuka. Thelathini. Kumi. Tatu. Hakuna aliyeona. Nchi nzima yenye macho yote yale, na hakuna aliyeona! Alipokata kona kuingia kwa Hauke, karibu aimbe.

Hauke alikuwa getini na kandambili za manyoya, mnene, mwekundu, anapunga mikono. "Kaka! Jana nimekusubiri na nyama, leo utakula ya kupasha!"

"Tulikuwa na shughuli ya kisheria," Eggert alisema akizima injini. Kisha akamgeukia binti yake, na uso wake ulikuwa na ule ukali wa zamani, wa sanduku jekundu. "Haya. Kilomita mia tisa sitini na tatu. Taja kosa langu."

Wiebke alifungua mkanda. "Si huwa unaandika saa ya kufika? Andika kwanza."

Kweli huwa anaandika. Akavuta koti kutoka nyuma ya kiti, akatoa daftari, akafungua pale penye utepe. Chini ya yale ya gari jeupe la mizigo kulikuwa na maandishi ambayo si yake, ya mviringo, mwandiko wa mtu anayeandikia watoto vyeti vya kuogelea.

Tarehe mosi Novemba. Saa mbili kamili asubuhi. Uani mwa gesti, kuelekea barabara kuu. Gari la kijani, milango miwili. Namba ya gari ilikuwa imeandikwa yote, pamoja na ile nne na ile kumi. Kosa: kuendesha nje ya msimu, bila bima, kwa kujua. Shahidi: Wiebke, binti wa mtuhumiwa.

Eggert alisoma mara mbili. "Ulijuaje?"

"Duara la mama. Kila mwaka, jekundu, kwenye kalenda. Nani alikuwa hajui nyumba ile?"

"Na ukanyamaza." Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Umekaa hapo pembeni yangu kilomita mia na ishirini, unanitazama natoka jasho, umenyamaza."

"Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe. Asubuhi pale, kama ungesema tu, 'Mwanangu, siku zimeisha, tufanyeje,' ningekuitia lori mwenyewe na funguo ningekuachia. Naapa ningekuachia." Macho yake yalikuwa yamejaa maji na hilo lilimuudhi zaidi. "Na kunyamaza umenifundisha wewe. Ulikaa mezani kwetu, baba. Vipande viwili vya keki."

Hauke alikuwa amefika dirishani, ameinama. "Kuna nini? Mbona hamshuki?"

Eggert alilitazama lile daftari. Alitafuta sentimita nne za kujitetea, kama za ile nguzo, hakuziona. Yote yalikuwa hapo: tarehe, mahali, namba, kosa. Kazi safi. Yeye mwenyewe asingeitupa.

Akatoa kalamu.

"Hapa," alisema, "si saa mbili kamili. Ilikuwa saa mbili na dakika saba."

Akakata, akaandika juu yake vizuri, akatia herufi za jina lake pembeni kama anavyofanya mtu akisahihisha maelezo yake polisi. Kisha akachomoa ufunguo, akaulaza juu ya ukurasa uliofunguliwa, na akamsogezea binti yake vyote viwili.

Wiebke alichukua ufunguo. Daftari aliliacha pale pale mapajani kwa baba yake.